Kome wa quagga katika Mto Snake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwagundua mapema

Maswali haya yametoka kwa wavuvi, wenye boti na watu wanaojitolea kuchukua sampuli kwenye Mto Snake na mabwawa yake, jimbo la Idaho, Marekani. Wengi wao ni wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Twin Falls na Boise, hasa kutoka Kongo, wakakuta mabango yanayowaamuru wasafishe boti bila kuwasimulia kisa chenyewe. Jambo likishaelezwa mahali pengine, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kome hawa ni akina nani, na kwa nini jimbo zima linawahangaikia?

Wako wa aina mbili: kome-pundamilia (Dreissena polymorpha) na kome wa quagga (Dreissena rostriformis bugensis). Asili yao ni mito na maziwa ya mabonde ya Bahari Nyeusi, Azov na Kaspi. Walivuka Atlantiki ndani ya maji ya balasti, yale yanayojazwa tumboni mwa meli ili isiyumbe. Kome-pundamilia alionekana Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, mwaka 1988. Quagga alionekana Ziwa Erie mwaka 1989.

Ni wadogo. Wengi hawafiki sentimita 4. Lakini jike mmoja huweza kutoa mayai hadi milioni moja kwa mwaka, na tofauti na kome wa asili wa Marekani, hawa hujishikiza kwa nyuzi kwenye chochote kigumu: saruji, chuma, mpira, kamba ya nanga, hata ganda la kome mwenzao. Ndani ya bomba mmoja hukaa juu ya mwingine, na wa tatu juu ya hao wawili, mpaka maji yanapita kwa shida. Idaho inaumia hapo hasa. Mashamba ya viazi na maharage kuzunguka Twin Falls hunyweshwa kwa mifereji na pampu, na mabwawa ya umeme yana vichujio na mabomba ya kupoozea mitambo. Isitoshe, Mto Snake humwaga maji yake katika Mto Columbia, bonde kubwa la mwisho magharibi mwa Marekani ambalo kome hawa walikuwa hawajaliingia.

2. Nasikia kome husafisha maji. Ubaya uko wapi?

Ni kweli wanachuja. Mmoja huchuja takribani lita moja kwa siku, na wakifika mabilioni ziwa hung'aa. Lakini wanachokitoa majini ni chakula: mwani mdogo unaoliwa na vijidudu vya majini, ambavyo huliwa na samaki wachanga. Mwanga nao hupenya kina zaidi, magugu na mwani wa nyuzi huota kwa wingi kandokando, kisha huoza ufukweni.

Tena wanachagua. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini imeonekana kwamba hutema baadhi ya mwani wenye sumu wa jamii ya Microcystis na kumeza mwingine. Anayebaki na nafasi ya kuongezeka ni yule wa sumu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya maji maangavu na kukuambia "tazama faida", muulize samaki wako wapi.

3. "Kugundua mapema" ni kugundua lini?

Ni wakati wavu unatoa kiluwiluwi (kome mchanga anayeelea majini) mmoja mmoja, au anapokutwa kome mkubwa mmoja gatini na wapiga mbizi hawaoni wengine. Ukishawaona kwenye kila jiwe, umechelewa. Kuanzia hapo unaishi nao, na bili ya kusafisha mabomba inakuja kila mwaka.

Mifano miwili inatosha. Katika Ziwa Mead, kwenye mpaka wa Nevada na Arizona, quagga walikutwa kwenye gati ya boti Januari 2007, tayari wakiwa wakubwa; maana yake walishakaa muda bila mtu kujua. Muda mfupi baadaye wakaonekana pia katika maziwa ya Mohave na Havasu, chini yake kwenye Mto Colorado. Hadi leo wakaguzi wa boti wa majimbo ya magharibi humkazia macho anayetokea huko. Upande wa pili kuna Millbrook, shimo la machimbo lililojaa maji huko Virginia. Kome-pundamilia walionekana pale mwaka 2002, mwaka 2006 yakawekwa maji yenye kloridi ya potasiamu, na wakaisha. Kilichosaidia si dawa peke yake. Millbrook ni maji yaliyofungwa, hayatiririki kwenda popote. Ukikumbuka tofauti hiyo utaelewa swali la 17.

4. Twin Falls kulitokea nini?

Septemba 2023 Idara ya Kilimo ya Idaho ilitangaza kwamba sampuli za kawaida, zile zinazochukuliwa kila msimu, zilitoa viluwiluwi vya quagga karibu na bustani ya Centennial, chini ya bonde la mto. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa katika Mto Snake. Sehemu ya mto ikafungwa, wapiga mbizi wakatafuta, na mapema Oktoba ikamwagwa dawa ya shaba kwa siku kadhaa. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2024, viluwiluwi vikaonekana tena katika eneo hilohilo, na Oktoba dawa ikarudiwa.

Watu husimulia habari hii kana kwamba ilianza siku ile mto ulipofungwa. Ilianza miaka kadhaa nyuma, kwa watu kuvuta nyavu na kupeleka chupa maabara, chupa baada ya chupa, zote zikirudi na jibu la "hakuna".

## Kuchukua sampuli

5. Sampuli huchukuliwaje?

Chombo kikuu ni wavu wa planktoni: koni ndefu ya kitambaa chenye matundu ya takribani mikromita 64, na kikombe mwishoni. Kome hawa hutoa mayai na mbegu majini, na viluwiluwi vyake, ambavyo watafiti huviita veliga, huelea kwa wiki kadhaa kabla ya kutua na kujishikiza. Vina upana wa kati ya mikromita 70 na 250 hivi, kwa hiyo havipiti kwenye matundu hayo.

Wavu hushushwa hadi karibu na chini, usiguse tope, kisha huvutwa juu polepole. Ukiharakisha, maji husukumwa nje ya mdomo badala ya kupita ndani. Mahali panapopendelewa ni karibu na sehemu za kushushia boti, magati, kuta za mabwawa na ghuba ambako mkondo hupoa na vitu vinavyoelea hukusanyika. Mtoni penye mkondo mkali wavu huweza kushikiliwa tu, maji yakapita yenyewe.

Kilichobaki kwenye kikombe hutiwa ethanoli na bikabonati ya soda kidogo. Soda hiyo wengi huidharau. Sampuli ikiwa na asidi, maganda ya viluwiluwi huyeyuka, na mchunguzi aliye maabara hatakuwa na cha kuona. Umeendesha saa tatu kwenda ziwani ili upeleke chupa isiyoweza kujibu swali.

6. Wavu umetoka mtupu. Je, mto uko salama?

Hapana. Wavu mtupu unasema tu kwamba kwenye maji uliyochuja hukumpata.

Tufanye hesabu kidogo. Wavu wenye mdomo wa sentimita 30, ukivutwa wima mita 10, huchuja takribani lita 700. Tuseme ziwani kuna kiluwiluwi kimoja kwa kila lita 1,000, na vimesambaa sawasawa. Uwezekano wa kuvuta mara moja na kukosa kabisa ni kama nusu, sawa na kurusha sarafu. Ukivuta mara tano, uwezekano wa kukosa hushuka hadi takribani asilimia 3. Sasa punguza idadi iwe kimoja kwa kila lita 10,000, hali ambayo ndiyo hasa ya uvamizi mchanga. Mivuto hiyohiyo mitano itakosa mara 7 katika kila 10.

Na hesabu hiyo inampendelea mchukua sampuli, kwa sababu viluwiluwi havisambai sawasawa. Upepo huvisukuma upande mmoja, mkondo huvibeba, na wavu uliozibwa na mwani huchuja kidogo kuliko unavyodhani. Ndiyo maana ratiba nzuri hurudi mahali palepale mara nyingi kwa msimu, na ndiyo maana afisa mwenye busara hasemi "ziwa hili halina kome". Husema "hawajaonekana".

7. Yale mabomba ya plastiki yaliyoning'inizwa gatini ni ya nini?

Ni mitego isiyo na chambo. Kipande cha bomba la plastiki, au vibao vichache, hufungwa kwenye kamba na kuachwa majini. Kiluwiluwi kikishakua hutafuta mahali pagumu pa kutua, na bomba lipo linakisubiri. Kila mwezi hivi mtu hulivuta, hulitazama, hulipapasa kwa vidole, kisha hulirudisha. Kome wachanga hawaonekani vizuri kwa macho, lakini kidole huhisi ukwaru kama wa msasa.

Tunaona njia hii inadharauliwa kwa sababu haina mashine. Katika Ziwa Highline, Colorado, Septemba 2022, kome-pundamilia wa kwanza alipatikana kwenye bomba la namna hii. Ukiliona gatini usilikate kamba wala kulisogeza. Mwenye gati anaweza kuomba kuwekewa lake. Ni jambo jema sana kufanya.

8. Sampuli huchukuliwa miezi gani?

Maji yakipata joto. Kome-pundamilia huanza kuzaana maji yakifika takribani digrii 12 za Selsiasi. Quagga hustahimili baridi zaidi. Kwa Idaho, kazi kubwa ni kuanzia majira ya machipuo hadi vuli.

9. Nikitoka ziwa moja kwenda jingine, wavu niusafishe kwa nini?

Kuna hatari mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni kumhamisha kome mwenyewe. Ya pili ni kuhamisha ganda au DNA yake na kuifanya maabara itangaze uvamizi usiokuwepo. Wavu huloweshwa kwenye siki, ambayo huyeyusha maganda yaliyonasa, husuuzwa kwa maji mengi, halafu huingizwa kwenye maji ya klorini ili kuharibu DNA. Siki na klorini visikutane hata kwenye ndoo moja, maana hutoa gesi ya sumu.

Programu zenye uwezo huwa na wavu maalumu kwa kila ziwa lenye hatari kubwa. Kama ziwa lako limeshavamiwa, wavu wake usitoke pale.

## Maabara na matokeo

10. Mtu anakitambuaje kiluwiluwi kisichoonekana kwa macho?

Kwa hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana. Chini ya mwanga huo kila kitu huwa cheusi, isipokuwa ganda changa la kome, ambalo hung'aa likionyesha alama ya msalaba. Mchunguzi hupita sahani nzima akitafuta nuru hiyo.

Tatizo ni kwamba wapo wengine wanaong'aa. Ostrakodi, vijidudu vyenye magamba mawili mfano wa mbegu, ndio wasumbufu wakubwa. Wapo pia wachanga wa Corbicula, kome mviringo wa Asia aliyekwisha kuenea Mto Snake. Kwa upande mwingine tuna bahati. Wachanga wa kome wa asili wa Marekani hawaelei hivi. Hujibandika kwenye matamvua ya samaki. Kwa hiyo kiluwiluwi cha kome kinachoogelea chenyewe kwenye maji yasiyo na chumvi ya huko, kama si Corbicula, karibu hakika ni mgeni.

11. Siku hizi kuna kipimo cha DNA ya mazingira. Kwa nini tusipime maji tu, tukaachana na nyavu?

Kipimo hicho ni kizuri, na kinazidi kuwa bora. Unachuja lita chache za maji, unatafuta vipande vya DNA ambavyo kome huviacha majini, na unaweza kupata ishara hata kama mnyama mwenyewe hakuingia kwenye chupa.

Lakini DNA haisemi kama mwenyewe yu hai. Inaweza kuwa imetoka kwenye ganda kavu lililong'ang'ania boti ya mgeni, kinyesi cha ndege aliyekula kome mbali, au glavu za mchukua sampuli aliyekuwa kwingine jana. Kufunga mto kunakula riziki ya watu, na hakuna afisa anayetaka kufanya hivyo kwa ushahidi usiotofautisha mzima na mfu. Kwa maoni yetu DNA ya mazingira ni kengele ya mlangoni: ikilia, nenda kafungue uone nani yupo, kwa wavu, bomba na mpiga mbizi. Kuifanya hakimu ni kuionea.

12. Nini tofauti ya ziwa "linaloshukiwa" na ziwa "lililothibitishwa"?

Kwa vigezo vya pamoja vya majimbo ya magharibi, ugunduzi huhesabiwa pale mbinu mbili zinapokubaliana, yaani wataalamu wamemtambua kwa macho au hadubini, na DNA ya mnyama huyohuyo imethibitisha. Ikitokea mara moja tu, ziwa huitwa linaloshukiwa. Ikirudiwa kwenye sampuli za siku nyingine, huwa limethibitishwa. Likiwa na kome wanaozaana na kukua, limevamiwa. Kutoka kwenye orodha huchukua miaka ya matokeo safi mfululizo: 3 kwa linaloshukiwa, 5 kwa lililothibitishwa.

Bwawa la Tiber, Montana, ni mfano unaofaa kukumbukwa. Mwaka 2016 viluwiluwi vilionekana kwenye sampuli zake, jimbo likashtuka, vituo vya ukaguzi vikaongezwa. Miaka iliyofuata havikuonekana tena. Pengine viliingia wachache wakashindwa kukutana na kuzaana. Kuna waliosema jimbo liliogopa bure. Sisi hatukubaliani nao. Mwaka 2016 hakuna aliyekuwa na namna ya kujua.

## Boti, uvuvi na wewe

13. Nina kayaki tu, haina injini. Mbona nasimamishwa?

Kwa sababu kome hawahitaji injini. Sheria ya Idaho inataka kila anayepita kituo cha ukaguzi na chombo cha majini asimame, kiwe boti, kayaki, mtumbwi au ubao wa kupiga kasia. Vyombo vinatakiwa pia kubandikwa stika ya jimbo ya spishi vamizi, ambayo fedha zake huendesha ukaguzi huu. Vya kujazwa upepo vilivyo chini ya futi 10 vimesamehewa stika. Wengi hudhani msamaha huo unahusu na kusimama. Hauhusu. Simama.

Mkaguzi atauliza chombo kilikuwa wapi mwisho na lini. Mwambie kweli. Ukitokea Ziwa Mead, Havasu au Powell utachelewa kidogo, ila huna kosa kwa kutokea huko tu.

14. Nisafisheje ili niwe na uhakika?

Kanuni ni tatu: safisha, mwaga, kausha. Ondoa magugu na tope. Chomoa vizibo vyote, mwaga maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya boti), ya tangi la samaki hai, ya ndoo ya chambo, na yaliyobaki ndani ya injini. Kisha acha vikauke kabisa. Kome mkubwa aliyefunga ganda huweza kuishi nje ya maji hata wiki kadhaa kukiwa na ubaridi na unyevu, na viluwiluwi huendelea kuishi kwenye maji machache yaliyotuama ndani ya boti. Kwa mtu wa Idaho, boti ya kiangazi ni rahisi. Ya Oktoba ndiyo ya kuhofia.

Maji ya moto hufanya kazi haraka zaidi. Vituo hutumia maji ya takribani digrii 60 za Selsiasi, yaani 140 za Farenhaiti, juu ya mwili wa boti. Moto lazima ufike kwenye ngozi ya kome mwenyewe, sio utoke tu kwenye mdomo wa bomba, ndiyo maana mhudumu huenda polepole kuliko unavyopenda. Ndani ya matangi na vyumba vya boti joto hupunguzwa ili pampu zisiharibike. Sabuni ya kuoshea gari haiwaui.

Mabuti marefu ya mpira, nyavu na kamba husahaulika mno. Anayevua kwa miguu ufukweni anahusika sawa na mwenye boti.

15. Mbwa wanaonusa boti wanatafuta dawa za kulevya?

Hapana, wanatafuta kome. Mbwa waliofunzwa wametumika Kalifonia, Montana na kwingineko, na humkuta kome aliyejificha kwenye upenyo wa trela ambako macho hayafiki. Harufu ya samaki wako haimsumbui.

16. Nimeokota kome. Nitajuaje kama ndiye, na nifanye nini?

Kwanza angalia kama alikuwa amejishikiza. Ukilazimika kumbandua, na nyuzi zikabaki zinaning'inia upande mmoja wa ganda, mshuku mara moja, kwa kuwa kome wakubwa wa asili wa huko hawajishikizi. Kisha mweke juu ya kitu bapa. Kome-pundamilia ana tumbo bapa na hukaa wima. Quagga ana tumbo la mviringo na huanguka upande. Usitegemee mistari. Wapo wenye mistari mizito, wapo waliokaribia weupe. Ukiona ganda nene la mviringo lenye mistari iliyoinuka inayofuatana, bila nyuzi, huyo huenda ni Corbicula.

Piga picha ukiweka sarafu kando yake, hifadhi mahali ulipo kwenye ramani ya simu, na uiarifu Idara ya Kilimo ya jimbo. Usimsafirishe akiwa hai kwenda nyumbani kwa ajili ya kumwonyesha mtu, sheria haikuruhusu. Wala usimrudishe majini. Ukiwa huna mtandao, mfunge kwenye mfuko mkavu, umwache hapohapo na mhudumu wa gati.

Wengi huuliza kama kuripoti kunaweza kuwaletea matatizo ya karatasi zao za uhamiaji. Idara ya Kilimo inataka kujua mambo mawili: nini na wapi. Kama Kiingereza kinakupa shida, picha yenye mahali pake inajitosheleza.

Na kwa wanaouliza kama wanaliwa: msiwale. Wanachuja maji mchana kutwa na kukusanya uchafu wake mwilini, na nyama yenyewe haifiki hata nusu kijiko.

## Maswali ya pembeni

17. Dawa ya shaba iliua samaki. Kweli ilikuwa lazima?

Iliua, na kwa wingi, wakiwemo baadhi ya sturgeon, samaki wanaoishi miaka mingi na kupendwa sana Idaho. Wavuvi waliolalamika hawakuwa wakitia chumvi. Shaba kwa kipimo kinachoua kome haiwezi kuwachagua kome peke yao.

Upande mwingine wa mizani kuna bonde zima la Columbia, pamoja na mabwawa yake ya umeme, ngazi za samaki wa salmoni na mifereji ya umwagiliaji. Ukiwa na kilomita chache za mto zenye wageni wachache, dawa ni jambo la kufikirika. Ukiwa na kilomita mia, haifikiriki hata kidogo. Tunaamini uamuzi wa 2023 ulikuwa sahihi. Tunaamini pia kwamba uliwezekana tu kwa sababu viluwiluwi vilikutwa mapema. Aliyechukia kuona samaki wamekufa ana sababu nzuri ya kuwapenda wenye nyavu.

18. Walirudi 2024. Si ina maana kugundua mapema hakukusaidia?

Hatujui kama walirudi au hawakuisha. Mtoni kuna mashimo ya kina, chemchemi zinazoingiza maji mapya na kuzimua dawa, na pembe ambazo mkondo hauzifikii. Linganisha na Millbrook katika swali la 3, au na Darwin, Australia, ambako mwaka 1999 ndugu yao wa maji ya chumvi, Mytilopsis sallei, alikutwa kwenye marina zenye milango. Milango ilifungwa, klorini na shaba vikamwagwa, na baada ya wiki chache akaisha. Mto Snake hauna mlango.

Kugundua tena Septemba 2024 kunaonyesha kwamba ufuatiliaji haukulala baada ya dawa, jambo linalotokea mahali pengi. Kosa la kawaida ni kumaliza bajeti kwenye dawa na kubaki bila pesa ya nyavu.

19. Naweza kununua mapambo ya tangi la samaki bila wasiwasi?

Kagua. Mwaka 2021 kome-pundamilia hai walikutwa ndani ya mipira ya mwani iliyokuwa ikiuzwa kwenye maduka ya wanyama katika majimbo mengi ya Marekani, bidhaa iliyopita kando ya vituo vyote vya ukaguzi wa boti. Mpira au mmea unaoutilia shaka ugandishe kwenye friza au uchemshe, kisha utupe kwenye takataka. Maji ya tangi usiyamwage mtoni wala kwenye mfereji.

20. Je, wapo katika maziwa yetu ya nyumbani, Victoria na Tanganyika?

Kome-pundamilia na quagga hawajaripotiwa huko. Makome mnayoyajua ufukweni ni ya asili, na Tanganyika ina aina zisizopatikana popote pengine. Kwa Ziwa Victoria kuna kinga ya aina yake: kome hawa wawili wanahitaji kalsiamu ya kutosha kujenga ganda, na maji ya Victoria yana kalsiamu kidogo.

Wa kuangaliwa zaidi ni mwingine, kome wa dhahabu, Limnoperna fortunei, wa Asia. Huyu hupenda joto na huridhika na kalsiamu ndogo. Aliingia Río de la Plata, Amerika Kusini, mwaka 1991, akapanda mto hadi kwenye mitambo ya umeme ya Itaipu. Oktoba 2024 alikutwa bandari ya Stockton, Kalifonia, kwa mara ya kwanza Amerika Kaskazini. Waliopambana na magugu maji Victoria katika miaka ya 1990 wanajua gharama ya mgeni aliyegunduliwa akiwa amekwisha kufunika ghuba. Mabomba machache ya plastiki kwenye magati ya Mwanza, Kisumu na Port Bell (swali la 7) yangegharimu chini ya tairi moja la lori.

21. Nataka kutuma nyumbani injini ya boti niliyoitumia hapa. Nifanye nini?

Ukiiendesha kwenye maji safi ya bomba, ukaimwaga ikiwa imesimama wima, ukafungua vichujio na kuiacha ikauke wiki kadhaa kabla ya kuipakia, hatari ni ndogo mno. Joto la kontena na urefu wa safari vitafanya kazi iliyobaki. Usifunge kwenye mzigo huohuo nyavu mbichi, kamba zenye tope au ndoo zenye maji. Kama injini iliwahi kutumika kwenye maji yaliyothibitishwa, iombee kwanza maji ya moto kituoni. Wakati wa msimu huduma hiyo ni bure Idaho, na mhudumu atafurahi kuulizwa.